Wanataja namba hadi 20, lakini "nipe vitano" inawashinda

Muulizaji: Watoto wangu wa chekechea, miaka 4, wanataja namba hadi 20 bila kukosea. Ukiwaambia "nipe vizibo vitano" wanachota konzi nzima. Nianzie wapi?

Jibu 1: Mwalimu, kutaja namba kwa mfululizo ni kama kuimba tu. Rudi kwenye vizibo 3. Mtoto asogeze kimoja kimoja, kila kizibo na namba yake, kisha muulize: "Vingapi?" Akianza kuhesabu upya, bado hajajua kuwa namba ya mwisho ndiyo idadi ya vyote. Usimkemee, zungusha kiganja juu ya vizibo, sema "vitatu". Usiongeze cha nne mpaka apatie siku kadhaa mfululizo.

Jibu 2: Na usivipange kwenye mstari kila siku! Vitawanye mbele yake, uulize tena. Wengine watadai vimeongezeka, maana vimechukua nafasi kubwa. Mpe vijiwe vitatu, aweke kimoja kando ya kila kizibo, ajionee kuwa idadi ni ileile.

Muulizaji: Asanteni. Na kuandika tarakimu?

Jibu 1: Hiyo isubiri. Kwanza nukta za dadu, atambue 1 hadi 4 kwa jicho bila kuhesabu.