Naomba ulinganisho: Nan, Mae Hong Son au Chiang Dao? Nataka gesti ndogo, mji usio na fujo

johari_kibosho
Habari za jukwaa wakuu. Nina safari ya kikazi Bangkok, nikimaliza nataka kupanda kaskazini mwa Thailand nikapumzike kwenye mji mdogo. Hoteli za ghorofa sizitaki. Natafuta gesti ya familia, vyumba vichache, mwenye nyumba mwenyewe ndiye anakuletea chai asubuhi, pawe na baraza au kibustani nikae nisome kitabu bila mtu kunisemesha. Nimeperuzi mpaka macho yanauma, imebaki miji mitatu: Nan, Mae Hong Son na Chiang Dao. Aliyelala huko anipe tofauti. Nataka kulipia wiki hii kwa sababu kuna gesti moja Mae Hong Son naambiwa kimebaki chumba kimoja tu.

kinyonga_tz
Umetaja kila kitu isipokuwa vinavyotakiwa. Unaenda mwezi gani? Peke yako au na watu? Bajeti kwa usiku? Pikipiki unaendesha? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli hapa.
Na hilo la chumba kimoja lisikukimbize. Tovuti zile zinahesabu vyumba walivyopewa wao wauze, siyo vyumba vyote vya gesti. Wapigie wenyewe uone.

mpwa_wa_mrima
Mbona Pai haipo kwenye orodha? Pai ndiyo baba lao. Vibanda vya mianzi pembeni ya mto, bembea ya kamba barazani, chakula cha kila aina, na usiku kuna soko la barabarani. Mengine yote utajilazimisha tu kupenda.

kinyonga_tz
Mkuu, kasema mji usio na fujo. Pai ina baa za wazungu vijana wasiovaa viatu na muziki mpaka usiku wa manane. Halafu ile barabara ya 1095 kutoka Chiang Mai, jiji kubwa la kaskazini, mpaka Pai ina kona 762, wanaziandika mpaka kwenye fulana. Nusu ya abiria wa haisi wanashuka na mfuko mkononi.

mpwa_wa_mrima
Ukivuka mto ukaenda nje kidogo ya mji ni kimya kabisa. Watu mnasema Pai mbaya kwa sababu mlilala katikati. Na hizo kona mtu wa Lushoto anazicheka.

omollo_cnx
Mimi nasoma Chiang Mai, hiyo miji yote mitatu nimefika, ngoja nijaribu kuwa wa haki.

Chiang Dao iko karibu zaidi, kilomita sabini na kitu kaskazini ya Chiang Mai. Unapanda basi la kawaida stendi ya Chang Phueak, nauli ni ya chini sana. Mji wenyewe ni barabara moja na soko, hakuna la kuona. Gesti unazozitaka ziko nje, upande wa pango, chini ya mlima Doi Chiang Dao. Ule mlima ni wa mawe ya chokaa, mita 2,175, na umekaa peke yake hivi kwamba ukiamka asubuhi unauona wote mzima kutoka kitandani. Shida ni kwamba bila usafiri wako umefungwa. Gesti na duka la karibu vinaweza kuwa mbali kwa miguu, kwa hiyo unakula kwa mwenye nyumba, na kama mpishi wake ni mbovu, pole.

Nan ni mji hasa. Una hospitali ya mkoa, soko la asubuhi, uwanja wa ndege wenye ndege za kwenda Don Mueang, kiwanja kimojawapo cha Bangkok, na barabara zake ni tambarare, baiskeli inatosha. Watalii wa kigeni ni wachache, wengi ni Wathai wa Bangkok, kwa hiyo vibao vingi havina Kiingereza. Gesti nyingi ni nyumba za zamani za miti ya msaji zilizogeuzwa. Hekalu la Wat Phumin liko katikati ya mji, ndani kuna michoro ya karne ya 19 ya maisha ya kawaida kabisa: watu wanavuta sigara, wanasuka nywele, wanatongozana. Mimi nilikaa pale muda mrefu kuliko kwenye hekalu lolote la Chiang Mai. Ukipata gari, panda Bo Kluea, kijiji cha milimani wanakochemsha chumvi kutoka visimani, na bahari iko mamia ya kilomita.

Mae Hong Son ndiyo nzuri kwa macho. Ziwa dogo katikati, mahekalu mawili ya Kishan (Washan ni kabila la huko na la Myanmar) kando yake, na gesti zimelizunguka. Lakini kufika ni kazi, unapita Pai kwanza, kwa hiyo hizo kona zake ni nusu ya safari tu. Na wanaiita mji wa ukungu wa misimu mitatu. Uliza ukungu wa msimu wa joto unatoka wapi. Ni moshi.

Kwa hiyo swali la kinyonga linabaki: mwezi gani?

bint_shangani
Nakazia hapo kwenye moshi, maana nyie mnaupita juu juu.

Mie naishi Muscat. Tulikwenda mimi, mume wangu na watoto, mwezi wa tatu, bonde moja njia ya Mae Hong Son. Jina la gesti silitaji. Picha zake mtandaoni: kibanda cha mbao juu ya nguzo, mpunga wa kijani, na mlima nyuma. Tukalipa siku zote mbele kwa sababu kulikuwa na punguzo. Wallahi ule mlima hatujauona hata siku moja. Jua lilikuwa duara jekundu unaloweza kulikodolea macho saa sita mchana. Mpunga ulishavunwa zamani, mashamba makavu. Nikianika nguo za watoto nazianua zina majivu.

Na chumba sasa. Ukuta wa mbao zilizopishana, unaona taa za jirani. Feni moja, kiyoyozi hakuna. Ukifungua dirisha moshi, ukifunga joko la kuokea mkate. Mwanangu mdogo akaanza kukohoa usiku wa kwanza, wa pili akawa anatapika kwa kikohozi. Nikamwendea mwenye gesti, bwana mpole, anatabasamu, anakupa ndizi. Nikamwambia tunataka kuondoka, turudishie siku zilizobaki. Akasema moshi si wa gesti, moshi ni wa nchi nzima, hata wa Myanmar umo. Kweli, lakini hela yangu si ya nchi nzima. Tukabishana kwa simu ya kutafsiri, kila neno langu linatoka na adabu ambayo sikuikusudia.

Kilichonichoma zaidi: siku tunaondoka mlango wa chumba chake ulikuwa wazi, ndani kuna mashine ya kusafisha hewa inaunguruma. Hakuwahi kututajia kuwa kuna kitu kama hicho. Senti haikurudi.

kinyonga_tz
Pole sana dada. Kwa wasiojua: wanachoma mabua ya mahindi na misitu inaungua, kuanzia Februari mpaka katikati ya Aprili, mbaya zaidi Machi. Miji iko mabondeni, hewa ya baridi inakaa chini na kuufungia moshi humo. Mvua za mwisho wa Aprili na Mei ndizo zinausafisha. Shirika la Afya Duniani, WHO, wanataka vumbi laini la PM2.5 lisizidi maikrogramu 15 kwa kila mita moja ya ujazo ya hewa, wastani wa siku. Machi kule ukikuta mia moja na kitu watu hata hawashangai.

johari_kibosho
Jamani asanteni. Samahani nilikuwa mgodini, mtandao hakuna. Majibu:
Mwezi: nakuja kwenye maonyesho ya vito ya Bangkok, yale ya Februari. Yakiisha ndiyo napanda kaskazini, kwa hiyo mwisho wa Februari kuingia Machi.
Bajeti: baht 600 mpaka 1,000.
Pikipiki siendeshi.
Nakuja na mama yangu. Ana miaka sabini na ana pumu, ila anatumia dawa ya kuvuta na yuko vizuri.

omollo_cnx
Wacha! Hayo ndiyo ulitakiwa uanze nayo.

kinyonga_tz
Mama ana pumu na unampeleka Mae Hong Son mwezi wa tatu. Tulikuwa tunajadili baraza na chai.

mpwa_wa_mrima
Watu wa Moshi mnakimbizwa na moshi sasa 😂
Lakini kwa kweli Pai nayo siku hizo ni hivyo hivyo, hapo sibishi. Ila mwisho wa Februari kuna miaka hewa inakuwa nzuri tu.

bint_shangani
"Kuna miaka." Kamwambie hivyo mama wa watu akiwa anatafuta pumzi.

mzee_green_garnet
Binti yangu, mimi ni wa biashara hiyo hiyo, Bangkok naijua toka zamani. Kwa nini uhangaike na kaskazini? Nenda Chanthaburi. Ni kusini-mashariki, kilomita 245 hivi kutoka Bangkok, basi linatoka stendi ya Ekkamai. Kuna mtaa wa zamani kando ya mto, nyumba za mbao, nyingine zimefanywa gesti, na ng'ambo ya daraja kuna kanisa kuu la Kikatoliki kubwa kuliko yote Thailand. Mama atasali Jumapili, wewe Ijumaa mpaka Jumapili unashuka soko la vito. Mawe yetu ya Tunduru na Songea yamepita sana kwenye meza zile, yakachomwa tanuruni yakatoka na rangi nyingine. Utajifunza zaidi pale kuliko kwenye mabanda ya maonyesho.

omollo_cnx
Mzee, shikamoo, lakini ameuliza kaskazini. Na anataka kupumzika, wewe unamrudisha sokoni.

mzee_green_garnet
Marahaba. Dalali hapumziki, anabadilisha meza tu. Na hewa ya huko ina bahari karibu.

johari_kibosho
Mzee hilo la kanisa limenigusa, mama atafurahi. Ila mimi nimeshaota milima. Nikichagua Nan si kuna hospitali? Na ndege ipo moja kwa moja.

omollo_cnx
Hospitali ipo, lakini Nan imezungukwa na vilima vya mahindi. Moshi unaoukimbia Mae Hong Son utaukuta unakusubiri. Kama lazima iwe kaskazini, geuza ratiba: njoo mwisho wa Januari, panda kwanza, kisha shuka kwenye maonyesho. Januari hewa bado ni nzuri, ila usiku wa milimani ni baridi kweli, hata nyuzi kumi, na gesti nyingi za mbao hazina kipasha joto. Uliza blanketi na maji ya moto kabla ya kulipa. Mama pia muulizie choo, kuna gesti za bei ya chini bado zina cha kuchuchumaa na kiko nje.

johari_kibosho
Januari siwezi kaka, mzigo haujakamilika.

mchuuzi_wa_kongo
Nauliza tu, huko chakula cha Waislamu kipo? Naona kila picha ni nguruwe.

bint_shangani
Kipo ukijua pa kwenda. Chiang Mai mtaa wa msikiti wa Ban Ho, Waislamu wenye asili ya Yunnan, kuna khao soi, yaani tambi za mchuzi wa nazi, ya kuku na ya ng'ombe, na Ijumaa asubuhi soko lao zuri sana. Pai na Mae Hong Son misikiti ipo pia. Vijijini jifunze kusema "mai sai mu", yaani usitie nguruwe, na bado angalia mchuzi.

mpwa_wa_mrima
Khao soi bora iko Pai.

kinyonga_tz
Khao soi bora iko Pai, hospitali bora iko Pai, mwezi unachomoza Pai. Wewe una hisa kule?

mpwa_wa_mrima
Nina pikipiki niliyokodi kule na kuanguka nayo, hiyo ni hisa tosha. Mwenye duka aliomba pasipoti kama dhamana nikakataa, nikampa pesa taslimu. Fanyeni hivyo hivyo. Gesti wakipiga picha pasipoti ni halali, wanatakiwa kupeleka taarifa ya mgeni uhamiaji ndani ya saa 24. Kuiacha kaunta ni jambo lingine.

mzee_green_garnet
Johari, mzigo wenyewe ni tanzanite au umechanganya? Njoo faragha.

kinyonga_tz
Mzee biashara zako peleka huko huko faragha kweli. Johari, umelipia au bado?

johari_kibosho
Bado. Yule wa Mae Hong Son nimempigia kama ulivyosema, vyumba anavyo vinne. Nikamuuliza kuhusu moshi, akasema "kidogo kidogo", na kwamba kiyoyozi anaweza kuhamisha kutoka chumba kingine. Mashine ya hewa hana, ila anasema tunaweza kununua mjini. Mama mwenyewe nimemwambia habari ya Chanthaburi, kauliza kama huko kuna milima, kwa sababu na yeye kashawaambia wanajumuiya anaenda milimani.

bint_shangani
Mwambie Kilimanjaro ipo hapo dirishani.

omollo_cnx
Uliza kama unaweza kulipa ukifika, na kama atakurudishia ukighairi. Akikataa yote mawili, jibu unalo.

mchuuzi_wa_kongo
Na kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, wanaangalia kweli? Mimi naenda Novemba na sijachanja.

kinyonga_tz
Wanaangalia kwa wanaotoka kwetu. Chanja angalau siku kumi kabla ya safari. Na usisahau fomu ya kuwasili ya mtandaoni, TDAC, ilianza Mei 2025, unaijaza ndani ya siku tatu kabla ya kufika na ni bure. Ukikuta tovuti inadai dola, funga. Mengine fungua uzi wako.

mchuuzi_wa_kongo
Sawa mkuu. Ila Novemba si moshi hakuna? Kati ya Nan na hiyo Pai, niende wapi?

mpwa_wa_mrima
Pai.