Mrejesho: mazoezi safarini na lori

Wakuu, niliuliza namna ya kubeba vifaa vya mazoezi kwenye lori, maana Dar–Tunduma kila mara na kitambi kinanona.

Vyuma nimeviacha nyumbani. Ukishuka mlima Kitonga, kila kisichofungwa kinahamia mbele. Aliyeshauri dumu la maji badala ya vyuma, ubarikiwe: lita 20 za maji ni kilo 20, ukimaliza unanawa. Mpira wa kuvuta naufunga kwenye chasisi, si kitasa cha mlango, kitang'oka. Chini natandika turubai.

Makambako alfajiri baridi inauma, mpira unakakamaa, hivyo naanza na kuruka kamba. Mbeya ni kama mita 1,700 juu, pumzi inakata mapema. Utingo alinicheka, sasa anadai zamu.

Mpira mzito zaidi soko la Mwanjelwa, Mbeya, unapatikana?