Badilisheni mfumo mnavyotaka, lakini kazi niliyoiacha inaendelea msiiue!

Wakuu, salaam. Leo nimechoka kunyamaza. Humu mtu akigusa systemd tu, ile programu inayowasha na kusimamia huduma kwenye Linux nyingi, vijana wanamrukia: "mzee, unaogopa mabadiliko." Haya, tuongee.

Mimi siiabudu Unix, mfumo wa zamani ambao Linux ilifuata nyayo zake. Ule wosia wa 1978 wa Doug McIlroy, mkongwe wa Unix, kila programu ifanye kazi moja na iifanye vizuri, naupenda, ila kernel (kiini) ya Linux yenyewe ni pande moja kubwa la programu. Profesa Tanenbaum alishamsema Linus Torvalds, muundaji wa Linux, kwa hilo tangu 1992. Na zile skripti za /etc/init.d, zilizokuwa zikiwasha huduma kabla ya systemd, nani anazililia? Huduma imeshakufa, faili la PID (namba yake ya utambulisho) limebaki, mfumo unakwambia iko hai. Unachomeka sleep 5 (subiri sekunde tano) halafu unamwomba Mungu. systemd ilipokuja 2010 na kuanza kufuatilia huduma kwa cgroups, makundi ya kernel yanayoonyesha kila mchakato ni wa huduma ipi, nilishangilia. Debian 8, mojawapo ya Linux kongwe, ilipoingia nayo 2015, kuna waliohamia Devuan, nakala ya Debian isiyo na systemd. Mimi nikabaki.

Kilichonitibua ni toleo la 230 la systemd, Mei 2016. Waligeuza mpangilio wa msingi: ukitoka tu kwenye seva, kila ulichoacha kinaendelea kinauawa. screen na tmux, zinazokutunzia kazi ukitoka, hata nohup. Jamani, nohup! Amri ya tangu miaka ya 1970, kazi yake pekee ni kuiacha programu iendelee wewe ukiondoka!

Sababu yao? Ati kuna programu za desktop zinabaki zinazurura mtu akishatoka. Kweli zipo. Sasa zishughulikieni hizo! Sisi tukaambiwa tmux tuianzishe kwa systemd-run --scope --user, tena linger (ruhusa ya kazi zako kubaki ukishatoka) iwashwe kwanza. Yaani mgeni wa juzi ndiye anampangia mwenye nyumba pa kulala. Heko Debian, kwenye pakiti yao waliuzima ule upuuzi.

Halafu tazameni kernel. Ndani imebomolewa na kujengwa upya mara ngapi sijui, lakini sheria ya Linus haijasogea: programu ya mtumiaji iliyokuwa inafanya kazi ikiharibika kwa sababu ya kernel, kosa ni la kernel. Desemba 2012 alimfokea msimamizi mmoja wa kernel hadharani, kwa lugha nisiyoweza kuirudia hapa, kwa sababu msimamizi huyo alitaka kuitupia lawama programu iliyoathirika. Mnajua ilikuwa ipi? PulseAudio, programu ya sauti! Kazi ya Lennart Poettering, huyo huyo wa systemd. Sheria ile ilimkinga yeye, miaka mitatu na ushee baadaye mradi wake ukawanyima kinga hiyo hiyo watu wa tmux.

Kwa hiyo msiniletee habari za falsafa na uzee. Anayeitetea 230 anijibu swali moja: kwenye seva isiyo hata na skrini, badiliko lile lilimsaidia nani?