Namba za ulaji wa mafuta kwenye magari ya spidi ni usanii mtupu

Wakuu, huu upuuzi umezidi, leo tuuanike.

Gari la farasi 400, turbo mbili (feni zinazozungushwa na moshi wa egzosi ili kuisukumia injini hewa), brosha inasema lita 8.9 kwa kilomita 100. Likishaingia barabarani linakula 13, na mwenye gari akiuliza anajibiwa kwamba tatizo ni mguu wake. Mguu usisingiziwe. Ile namba haikupimwa kwa kazi ambayo injini hiyo ilitengenezwa kuifanya, na waliochapisha brosha wanalijua hilo vizuri kuliko sisi.

Kipimo chenyewe kinaitwa WLTP, ndicho rasmi kule Ulaya. Gari linawekwa kwenye rola ndani ya maabara, joto nyuzi 23, AC imezimwa, na dereva anafuata mstari wa mwendo kwenye skrini kwa sekunde 1,800. Nusu saa, kilomita 23 na ushee, wastani wa 46.5 km/h. Spidi ya juu kabisa ni 131.3, nayo inaguswa tu na kuachwa.

Sasa sikieni hapa. WLTP inapanga magari kwa madaraja, nguvu ukigawa kwa uzito. Daraja la juu kabisa linaanzia wati 34 kwa kilo moja. Kwa gari la kilo 1,500 hiyo ni kama farasi 70 tu! Kwa hiyo kigari cha familia kimo humo, na gari la farasi 600 nalo limo humohumo, linafuata mstari uleule, sekunde kwa sekunde. Mchapuko mkali kuliko yote kwenye kipimo ni karibu mita 1.7 kwa sekunde kila sekunde. Ukiushikilia huo kutoka 0 hadi 100 utatumia sekunde 16. Gari linauzwa kwa sifa ya kufika 100 kwa sekunde 4, halafu ulaji wake unapimwa kwa kasi ya lori lililobeba mchanga.

(Kipimo cha zamani, NEDC, kilikuwa kichekesho zaidi: 0 hadi 50 km/h kwa sekunde 26. Baiskeli ingekuacha. WLTP ilianza kushika nafasi yake Ulaya mwaka 2017, tukaambiwa mambo sasa ni ya kweli.)

Kinachofichwa na upole huo ni hiki. Petroli inaungua sawasawa ikipata gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli, na kwenye mwendo wa taratibu kompyuta ya injini inang'ang'ania hapohapo. Kandamiza pedeli hadi chini. Moshi unaoingia kwenye turbo unapanda kuelekea nyuzi 950 na zaidi, mapezi ya turbo na sega la kwenye egzosi (lile la kusafisha moshi) vinaanza kuwa hatarini. Kompyuta inamwaga petroli ya ziada, uwiano unashuka hadi 12, wakati mwingine chini ya hapo. Sehemu kubwa ya hiyo ziada haikuongezei nguvu ya maana, kazi yake ni kupoza. Unanunua petroli, inatumika kama maji ya rejeta.

Tupige hesabu. Injini ya kilowati 300 ikisukumwa mpaka mwisho, ichukulie gramu 330 za petroli kwa kila kilowati-saa. Hiyo ni kilo 99 kwa saa, karibu lita 133. Zaidi ya lita 2 kwa dakika. Tenki la lita 60 halimalizi nusu saa. Najua hakuna anayeendesha hivyo kutwa. Lakini kuvuta mara moja kwa sekunde 6, kama vile unapolipita lori, ni lita 0.2. Fanya hivyo mara kumi, lita 2 zimekwenda, na mbele kuna kona, kwa hiyo nusu ya kazi hiyo unaiunguza kwenye breki. WLTP haijui kitu kinachoitwa kulipita lori.

Halafu spidi. Gari la kilo 1,600 lenye tairi pana na mabawa ya kulikandamiza chini linahitaji takriban kilowati 14 kwenda 100 km/h, 26 kwenda 130, na karibu 80 kwenda 200. Upepo unapanda kwa mraba wa spidi, na nguvu ya kuushinda kwa kipeo cha tatu cha spidi: spidi ikiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nane. Kwa lita, 130 inakupa kama 8 kwa kilomita 100 barabara ikiwa tambarare, 200 inakupa karibu 15. Hapo hakuna mguu wala tabia ya dereva, ni fizikia. Wamarekani angalau wanaongeza kipimo kinachofika 129 km/h kwa mchapuko mkali, kingine cha AC kwenye joto, na kingine cha baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri.

Mmeshajiuliza kwa nini kila mkiwasha gari linarudi Comfort (modi ya upole), na ile start-stop (inayozima injini gari likisimama) mliyoizima jana imejiwasha tena? Kanuni zinaruhusu gari lipimwe kwa modi inayojichagua yenyewe kila likiwashwa. Sport mnayoitumia haiko kwenye ile namba kabisa: gia inakaa chini, mizunguko iko juu, start-stop imezimwa. Mchezo huu ni wa zamani. Corvette za gia za mkono, za 1989 hadi 2019, zina solenoidi (kipini kinachosukumwa kwa umeme) inayoziba njia ya gia ya pili na ya tatu ukikanyaga kidogo, inakulazimisha kuruka kutoka ya kwanza hadi ya nne ili kipimo kitoke kizuri na gari liikwepe kodi ya walafi wa mafuta kule Marekani. Kitu cha kwanza wenye nayo wanachofanya ni kuchomoa plagi ya hiyo solenoidi.

Na haibrid za kuchaji (injini ya mafuta pamoja na mota ya betri unayoichomeka kwenye umeme) ndizo zinanitoa povu kabisa. BMW M5 ya 2024: farasi 727, uzito zaidi ya tani 2.4, na ilipotoka karatasi rasmi ilisema lita 1.6 hadi 1.7 kwa kilomita 100. Pikipiki inakula zaidi. Hesabu yake inachukulia kwamba sehemu kubwa ya safari zako ni za umeme mtupu. Betri ikiisha, unabaki na V8 inayoburuta mota na betri.

Msiseme hakuna njia ya kujua ukweli. Magari mapya Ulaya tangu 2021 yanatunza yenyewe jumla ya mafuta yaliyotumika na kilomita zilizokwenda. Tume ya Ulaya ilitoa matokeo ya kwanza mwaka 2024: magari ya petroli yanakula karibu asilimia 24 juu ya karatasi, haibrid za kuchaji mara tatu na nusu. Yaani namba ya kweli imelala ndani ya gari lenyewe, na brosha bado inachapa ya maabara. Kwa nini wasiandike ulaji kwa kila modi, na kwa 100, 130 na 160 km/h? Jedwali la mistari mitatu linawashinda nini?

---

Jibu #7

Mkuu nakuunga mkono, ila kuna wanaolaumu brosha wakati gari lao ni bovu. Kwanza usiiamini kompyuta ya dashibodi, inakadiria kwa muda ambao nozeli za kupulizia petroli zinafunguka na mara nyingi inajipendelea. Jaza mpaka pampu ikate mara ya kwanza, usiongeze tone, rudisha tripu sifuri. Endesha tenki zima, jaza pampu ileile. Lita 52.4 kwa kilomita 431 ni 12.2 kwa 100. Tenki moja halitoshi, fanya matatu. Na kama umebadili kipimo cha tairi, hata kilomita zako ni za uongo.

Ikizidi karatasi kwa asilimia 40 au 50, chomeka mashine ya OBD (ya kusoma kompyuta ya gari). Angalia joto la maji kwanza: baada ya dakika 15 za barabara bado halijafika 80, themostati (kilango cha maji ya kupoza injini) imekwama wazi, injini inadhani ni asubuhi kila saa. Kisha fyueli trimu ya muda mrefu, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza kujisahihisha. Ndani ya asilimia 10 juu au chini hakuna kesi. Ikikaa juu ya hapo upande wa kuongeza, tafuta hewa inayoingia kwa wizi baada ya sensa ya hewa, au sensa yenyewe imeingia vumbi. Upande wa kupunguza, tafuta nozeli inayovuja. Mwisho endesha kilomita kama 10 bila kugusa breki sana, simama, pima joto la rimu zote nne. Moja ikiwa moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, pistoni ya kalipa (kile kinachobana breki) imekwama.

---

Jibu #8 (mwenye uzi)

Sawa mkuu, hayo nayakubali yote, na ongeza upepo wa tairi upimwe zikiwa baridi. Lakini angalia wanavyotumia hata tairi. Lebo ya Ulaya, daraja A ni hadi kilo 6.5 za ukinzani (tairi inavyogoma kuviringika) kwa kila tani ya uzito, E ni 10.6 kwenda juu. Kwa gari la kilo 1,600 hiyo tofauti ni karibu nusu lita kwa kilomita 100. Namba ya kwanza kwenye brosha, ile ya herufi kubwa, ni ya gari lenye rimu ndogo kuliko zote. Gari lililo kwenye picha juu yake limevaa za inchi 20.