Diski zilizorudishwa kwenye klasta ya Ceph bado zinaonyesha lebo za zamani

Swali (Lubumbashi)

Ndugu zangu, nawasalimu. Ofisini kwetu tuna seva tatu, kila moja ikiwa na diski nne za terabaiti 4, ambazo zilitumika kwanza katika klasta (kundi la seva zinazofanya kazi pamoja) ya majaribio ya Ceph, mfumo wa kuhifadhi data kwenye seva nyingi, toleo la 19, yaani Squid. Majaribio yalipokwisha tuliivunja klasta ile, tukasakinisha mifumo upya, na sasa ninazirudisha diski zile zile katika klasta mpya, moja baada ya nyingine. Kila diski niliifuta kwa wipefs -a, nikaongeza sgdisk --zap-all (inayofuta jedwali la mgawanyo wa diski), kisha nikajaza sifuri katika megabaiti 100 za mwanzo kwa dd. Nilipotazama lsblk, amri inayoorodhesha diski na vilivyomo, diski zilionekana tupu kabisa.

Tatizo limejitokeza baada ya kuunda upya LVM, mfumo wa Linux wa kugawa nafasi ya diski. Kabla ya kuandaa OSD (sehemu ya Ceph inayosimamia diski moja), niliikagua LV mpya (kipande cha nafasi kilichotengwa na LVM) kwa ceph-bluestore-tool show-label, nayo ikaniletea lebo nzima, yaani maelezo ya utambulisho wa OSD: whoami (namba ya OSD) ni 7, ready ipo, na ceph_fsid (kitambulisho cha klasta) ni ya klasta tuliyoivunja. Nimeilinganisha herufi kwa herufi na daftari langu la wakati ule, na ni yenyewe. Lebo imebakije ilhali mwanzo wa diski umejaa sifuri? Sitaki kubahatisha, kwa kuwa klasta mpya tayari inahifadhi nyaraka za watu.

Jibu la kwanza (Goma)

Kaka, hukukosea, ni Squid iliyobadilisha utaratibu. Zamani BlueStore, sehemu ya OSD inayoandika data kwenye diski, iliandika lebo mahali pamoja tu, mwanzoni mwa diski, na sehemu hiyo ndogo ikiharibika, OSD ilikataa kuwaka hata kama data yote nyuma yake ilikuwa salama. Sisi ambao umeme hutukatikia katikati ya kazi tunajua uchungu wa jambo hilo. Kwa hiyo OSD inayoundwa katika toleo la 19 huweka nakala za lebo kwenye gibibaiti ya 1, ya 10, ya 100 na ya 1000, kadiri ukubwa wa diski unavyoruhusu. Diski zako zinatosha kuwa na nakala zote. Megabaiti 100 ulizofuta hazikufika hata kwenye nakala ya kwanza, na wipefs huondoa tu alama inazozitambua, haigusi kilicho mbali.

Andika sifuri mahali pote panne:

dd if=/dev/zero of=/dev/sdX bs=1M count=1 seek=1024 oflag=direct

kisha urudie kwa seek=10240, 102400 na 1024000. Hapa seek ni idadi ya mebibaiti za kuruka kutoka mwanzo, na gibibaiti moja ni mebibaiti 1024.

Jibu la pili (Bukavu)

Namshukuru ndugu wa Goma kwa maelezo, lakini amri yake, ikielekezwa kwenye diski yenyewe, itamwacha mwenzetu pale pale alipo. Naomba tulitazame jambo hili kwa karibu, kwa sababu nami lilinipotezea usiku mzima.

OSD ya zamani ilikaa ndani ya LV, wala si moja kwa moja juu ya diski. Kwa kawaida LVM huacha mebibaiti 1 mwanzoni mwa diski kwa ajili ya kumbukumbu zake, ndipo LV inapoanza. Gibibaiti ya 1 ya LV, kwa hiyo, iko mebibaiti 1 mbele ya gibibaiti ya 1 ya diski: ukihesabu kutoka mwanzo wa diski ni seek=1025, si 1024. Amri ya hapo juu ingefuta mebibaiti iliyo jirani na lebo, na lebo yenyewe ingebaki. Hii ndiyo sababu pia lsblk haikuonyesha kitu, lakini ulipounda LV mpya iliyoanzia mahali pale pale, nakala zote zikajikuta tena kwenye nafasi zao halali.

Tumia basi amri hiyo hiyo, ila uielekeze kwenye LV mpya, mfano of=/dev/vg_osd/lv_osd. Kama hukumbuki OSD ilikaa wapi, andika kwenye diski kabla ya kuunda LVM, ukiweka count=2, na utafunika hali zote mbili. Baadaye hakiki kila nafasi kwa show-label-at, ukianza na --offset 1073741824, yaani gibibaiti 1 ikihesabiwa kwa baiti.

Mambo mawili zaidi. Usiamini majina kama sdc, kwani hubadilika seva inapowashwa upya. Soma namba ya kiwandani katika /dev/disk/by-id na uilinganishe na karatasi iliyobandikwa kwenye diski. Tena, kufuta lebo si kufuta data. Ikiwa majaribio yalitumia nyaraka za kweli za watu, jaza sifuri diski nzima kabla haijatoka ofisini. Kwa mwendo wa megabaiti 150 kwa sekunde, terabaiti 4 huchukua zaidi ya saa 7, kwa hiyo hakikisha kwanza jenereta ina mafuta.

Muulizaji (Lubumbashi)

Mzee wa Bukavu, Mungu akubariki. Nilijaribu kwanza kwenye diski moja nikitumia seek=1024 juu ya diski yenyewe, ili nione kwa macho yangu, na kweli lebo ya whoami 7 ilibaki. Nilipoandika kupitia LV, show-label-at haikupata lebo kwenye nafasi yoyote kati ya zile nne, na OSD mpya ikaandaliwa ikiwa na ceph_fsid ya klasta ya sasa.

Seva ya kwanza imemaliza diski zake nne. Kwenye seva ya pili, namba ya kiwandani ya diski moja hailingani na karatasi yake. Nimeichomoa na kuiweka kando hadi kesho, nitakapoikagua na mwenzangu aliyezibandika karatasi hizo.