Saa ya tachi tupu inanitesa nikiloa jasho, nihamie ya vitufe?

Jogoo wa Mbezi
Wakuu habari za saa hizi. Mimi nakimbia alfajiri, saa yangu ni ya tachi, pembeni ina kitufe kimoja tu cha kurudi mwanzo. Jana nimemaliza kilomita 12 nataka kusimamisha, kioo kimelowa, naswaipu hakiendi, nafuta na fulana na fulana yenyewe inachuruzika, mara kimejibonyeza chenyewe kikafungua muziki 😡 Nimekuja kuisimamisha nishakaa barazani nakunywa maji, kwa hiyo rekodi inaonyesha nimemalizia mbio kama konokono. Hizi saa za vitufe, au zile zenye kijifundo cha kuzungusha kama saa za zamani za kutia ufunguo, zinasaidia kweli au mapambo tu?

vitufe5
Pole mkuu. Kioo cha tachi kinamjua mtu kwa umeme wa kidole, sasa jasho lina chumvi nalo linapitisha umeme, tone likitua hapo kioo kinaona kidole cha pili. Mimi natumia Garmin ya vitufe 5, kushoto vitatu kulia viwili, cha kulia juu ndio kuanza na kusimamisha. Siangalii hata, nabonyeza gizani huku nakimbia. Wiki ya kwanza utaichukia lakini, unatafuta menyu unawasha taa.

Mama Swaumu
Mimi wala sikimbii, ila nikitawadha tu hii saa inaanza mambo yake. Juzi imempigia mama mkwe saa kumi na moja alfajiri, kapokea anadhani kuna msiba 😂😂

fundi_wa_mtaa
@Mama Swaumu angalia kama ina alama ya tone la maji, ukiigusa kabla ya kutawadha tachi inazima. Apple Watch ukimaliza unabonyeza kile kijifundo na kukishikilia, inafungua halafu inapiga mlio wa kutema maji.

Jogoo, kuna na Samsung zenye pete ya kuzunguka kioo, zilianza na Gear S2 mwaka 2015, Watch5 ya 2022 wakaitoa watu wakalalamika sana, 2023 ikarudi kwenye Watch6 Classic. Tamu sana kusomea meseji maana kioo chenyewe kiduchu, ukiweka kidole umeshafunika nusu ya maneno. Ila pete inasogeza tu, kuchagua kitu bado unagusa kioo, kwa hiyo kwa shida yako ya jasho haikufikishi mbali. Wewe tafuta vitufe.

pushapu_kwanza
Mpeni na ubaya wake jamani. Kijifundo kikikaa upande wa kiganja, ukipiga pushapu mgongo wa mkono unakibonyeza, saa inaanza kukuuliza ikusaidie nini. Niliingia setingi nikaigeuza kikae upande wa kiwiko, ndio ikatulia. Na chumvi ya jasho ikigandia humo kinakuwa kigumu kuzunguka, kioshe kwa maji ya bomba ya uvuguvugu, siyo sabuni.

vitufe5
Hapo kwenye chumvi kweli, changu cha lap (cha kuhesabu mizunguko) kiliwahi kukwama wiki nzima.

Jogoo wa Mbezi
Asanteni wakuu. Kumbe pete ndio nilikuwa naikodolea macho kwa sababu ya urembo wake 😅 @vitufe5 ya kwako ukiivaa na mikono mirefu ya jezi vile vitufe havijibonyezi? Jumamosi naenda kuangalia iliyotumika, nitaleta mrejesho.

vitufe5
Havijibonyezi, ila vifunge kabisa, kuna loku ya vitufe. Na hiyo iliyotumika bonyeza vyote vitano kabla hujatoa hela.