Jua la Mungu, paa langu, stima yangu ihesabiwe nusu kwa nini?

Wanabaraza, mnivumilie leo, nimejaa mpaka hapa.

Mimi ni wa Kisauni, Mombasa, nauza barafu na juisi ya ukwaju. Friza mbili. Mwenye friza anajua tokeni za stima huyeyuka kuliko hiyo barafu. Basi 2020 nikauza pikipiki, nikafunga sola. Mwaka uo huo serikali ikaona vifaa vya sola vitozwe VAT. 2021 wakaiondoa. Sisi tulionunua katikati, shauri yetu. Na ni hao hao kila wakienda mikutano ya ng'ambo hujisifu stima ya Kenya karibu asilimia 90 ni safi.

Sasa sikilizeni. Kuanzia saa nne mchana betri zimejaa, friza zimeganda, na paneli bado zinatoa. Inapotea bure. Sheria ya Kawi ya 2019 ilisema mwenye sola aweza kupeleka ziada kwenye gridi, yaani nyaya za stima za taifa, akahesabiwa. Kanuni zake zikatoka 2024. Miaka mitano! Na zilipotoka, ukipeleka yuniti 10 unaandikiwa 5. Hebu nenda Kongowea, mchukulie mtu maembe kumi umwambie utamlipa matano, uone kama utatoka sokoni na kanzu yako.

Najua mtaniambia nguzo na nyaya zina gharama. Sawa, wakate kitu, usiku mimi pia nazitegemea. Lakini nusu? Stima yangu ya mchana haiendi Nairobi, inaishia kwa jirani hapo ukutani mwenye mapangaboi matatu, naye anauziwa bei kamili, na ada ya mafuta juu yake, maana kwenye mitambo ya stima ya Kipevu bado wanachoma mafuta mazito.

Kinachoniuma hasa ni hiki. Mitambo ya stima ya upepo ya Ziwa Turkana, megawati 310, ilikuwa tayari 2017. Laini ya kuisafirisha stima hiyo, kilomita 428 hadi kituo cha Suswa, ikachelewa mpaka 2018. Mwekezaji akadai fidia kwa stima ambayo haikufika popote, mabilioni ya shilingi, na akakubaliwa. Mkubwa alipwa kwa asichopeleka, mimi nakatwa nusu kwa nilichopeleka. Mwenye kuielewa hesabu hiyo anifundishe.

Hata hiyo nusu yenyewe sijaionja. Nimeenda ofisi moja mara tatu kuulizia mita ya pande mbili, ile inayohesabu stima inayoingia na inayotoka. Mara ya kwanza, njoo wiki ijayo. Ya pili, mhusika ametoka. Ya tatu kijana wa kaunta akaniuliza mimi kama ninazo hizo kanuni nimwonyeshe. Wallahi.

Kuna yeyote hapa, Nyali, Bamburi, Likoni, popote, aliyefungiwa mita hiyo? Alipitia kwa nani, na ilimgharimu ngapi? Na tafadhali msije kuniambia niuze friza.